Ya Pili Haifuti ya Kwanza

Kazini walimwita Bi Rudia, na hakuwahi kuchukia. Jina la utani ni kama kiatu cha kuazima: likikukaa, unatembea nalo. Na kweli kazi yake ilikuwa kurudia. Ghorofa ya nne, chumba cha mwisho, palikuwa na meza mbili, dirisha moja lisilofunguka, na kompyuta kubwa yenye prosesa thelathini na mbili iliyovuma kutwa nzima kama nyuki mzingani. Bi Rudia aliketi mbele yake akaiamuru ifanye jambo lile lile, kisha tena, kisha tena, apate kuona kama kitakachotoka ni kile kile.

Kampuni yao ilitengeneza programu za mashine za dripu, zile zinazosimama kando ya kitanda cha mgonjwa zikimpimia dawa tone kwa tone. Programu ya namna hiyo huandikwa vipande vipande, maelfu ya vipande, na mikono ya watu wengi. Halafu kompyuta huvikusanya na kuviunda viwe kitu kimoja. Zamani, prosesa ilipokuwa moja, vipande vilikwenda kwa foleni, na kuunda programu kulikula nusu siku. Sasa prosesa thelathini na mbili hushika vipande thelathini na viwili kwa mpigo, na kazi huisha chai haijapoa. Raha tupu. Lakini wengi wakishika kazi moja, lazima ijulikane nani anamngoja nani.

Hilo hakulipata chuoni. Alilipata kwa mama yake.

Mama alikuwa na chumba cha kushonea sare za shule: vyerehani vinne, wanawake wanne. Mmoja alikata, mmoja aliunga mikono, mmoja alishona kola, mmoja vifungo. Sheria ilikuwa moja tu: kipande kisicho na alama ya chaki ya Mama hakiguswi. Siku moja mshona kola, mwenye mkono mwepesi kuliko subira, hakuingoja chaki. Alivuta kitambaa alichokikuta mezani, kumbe ni mabaki ya shule nyingine. Mashati arobaini yakatoka yamenyooka, mishono safi, na kola za kijani za watoto wa watu wengine. Mama hakufoka. Aliketi, akaanza kufumua, na akamwambia binti yake mdogo aliyekuwa akiokota nyuzi sakafuni, "Unaona, Kitinda? Ubaya wa kosa hili ni kwamba cherehani hakilii."

Nyumbani Bi Rudia aliitwa Kitinda, kwa sababu ndiye aliyefunga uzazi. Mbele yake alikuwapo kaka mmoja tu, ambaye alikuja kuwa mwalimu wa hesabu katika mji wa mbali na nyumbani akaitwa Mwalimu hata na mama yake mzazi.

Kitinda alisoma, akaajiriwa, akaolewa. Ndoa ilidumu miaka sita. Akarudi kwa Mama na sanduku moja, bila maelezo, na Mama hakuuliza. Alisogeza tu cherehani kutoka chumba cha nyuma, akatandika kitanda. Macho ya Mama yalipochoka, kile chumba cha kushonea kikafungwa, vyerehani vikaenda kwa wenye macho. Wakabaki wawili katika nyumba ya vyumba vitatu, mmoja akitoka asubuhi, mmoja akibaki, wakigombana kwa mapenzi juu ya sukari kwenye chai.

Maradhi yalianza kwa kicheko. Mama aliweka mkasi ndani ya friji, wakacheka mpaka machozi. Alimsalimia mwanamke aliyemwona kwenye kioo cha kabati, akasema, "Huyu mgeni hajibu, ana majivuno," wakacheka tena. Kisha ikaja siku Mama alipotoka chooni akasimama ukumbini akiwa hajui mlango wa chumba chake ni upi. Siku hiyo hakucheka mtu.

Ndipo Kitinda alipoanza kupiga simu za mchana. Saa saba kamili, wenzake wakiteremka kula, alibaki chumbani kwake na kupiga nyumbani. Alikuwa na daftari dogo lenye jalada la buluu. Maswali yalikuwa matatu: leo siku gani, jiko umezima, na mimi ni nani.

"Leo siku gani, Mama?"

"Leo ni ile inayofuata jana."

"Mama!"

"Kwani uongo?"

"Fikiri tena. Jana ilikuwa Jumatatu."

"Basi leo Jumanne. Ungesema mapema usingenichosha."

Kitinda akaandika: Jumanne, sawa.

Ilikuwa hivyo mwezi baada ya mwezi. Jibu la kwanza likipotea, aliuliza mara ya pili, na mara ya pili alitia kidokezo mdomoni mwa swali kama mtu anayemtilia mtoto tonge. Jibu likija, aliandika "sawa", akafunga daftari. Lile la kwanza hakuliandika. Hakujiambia kwamba anadanganya. Alijiambia Mama alikuwa ameshtuliwa usingizini, simu ilikuwa inakwaruza, leo kuna joto. Maana alilijua lililokuwa upande wa pili wa neno "si sawa". Mama akiwa hawezi tena kubaki peke yake, ama Kitinda aache kazi, na nyumba ile ilikula kwa mshahara huo. Ama Mama aende kwa Mwalimu, mji wa mbali, kwenye nyumba iliyojaa mke na watoto na wajukuu, ambako mtu hakosekani. Na Kitinda abaki na vyumba vitatu.

Kazini, wakati huo huo, walikuwa wakikaribia kutoa programu mpya. Mkuu wa kitengo waliyemwita Bosi Twende, kwa kuwa kila kikao alikifunga kwa neno hilo, aliingia chumbani kwa Bi Rudia akijipepea kwa karatasi.

"Bi Rudia, ripoti yangu iko wapi? Wateja wananipigia mpaka simu imepata homa."

"Haijakamilika."

"Umeiunda mara ngapi?"

"Mia tatu."

"Mia tatu! Na?"

"Mia mbili tisini na saba ziko sawa. Tatu mbaya."

"Hizo tatu ukazirudia?"

"Nikazirudia."

"Zikapita?"

"Zikapita."

Bosi akapiga makofi. "Basi zimepita! Andika imefaulu, twende."

"Ya pili haifuti ya kwanza, bosi. Kosa likionekana mara moja, lipo. Ile ya pili haikupona, imebahatika tu."

"Wewe dada, hata ndoa ungetaka ifungwe mara mia tatu uone kama inashika."

"Yangu ilifungwa mara moja tu. Ndiyo maana iliachia."

Bosi alicheka mpaka akakaa. Bi Rudia akamgeuzia kioo cha kompyuta. "Sasa tazama. Mbili kati ya hizi tatu zilikwama zenyewe, zikapiga kelele. Hizo hazinitishi. Ya tatu ilimaliza ikaandika kwamba imefaulu. Niliilinganisha na nyingine herufi kwa herufi, nikaikuta si ile. Kuna kipande kinachoandaa jedwali la vipimo vya dawa, na kingine kinachokuja kulichukua. Siku nyingine huyu wa pili huwahi kufika. Akikosa jedwali hasemi. Anachukua lile la mfano, la kujaribia, anaendelea na safari."

Kicheko kikamtoka Bosi taratibu kama hewa kwenye mpira wa baiskeli. "Na mgonjwa atapata nini?"

"Vipimo vya mfano. Si vyake."

Bosi akakunja ile karatasi ya kujipepea mara nne. "Ningekuwa nimeshasaini," akasema, si kwa sauti ya bosi. "Mbona kwangu, kwenye kompyuta yangu ndogo, haijakosea hata mara moja?"

"Yako ni ya zamani, kila kitu kinapanga foleni. Hakuna wa kumpita mwenzake."

Walitafuta siku mbili. Walikuta pengo la mstari mmoja: mahali palipopasa kuandikwa kwamba huyu amngoje yule, hapakuandikwa kitu. Wakauandika. Bi Rudia akaiunda programu mara elfu moja, ikatoka ile ile mara elfu moja. Ijumaa Bosi Twende alileta keki, akasimama mbele ya kitengo kizima, akasema, "Huyu mama anaudhi, nakubali. Lakini nikilazwa mimi, nataka mashine iliyopita mikononi mwake." Wakampigia makofi. Alirudi nyumbani na kipande cha keki ndani ya karatasi, amechangamka, anahesabu atakavyomsimulia Mama.

Mlangoni alimkuta jirani wa mlango wa pili, mkunga mstaafu, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Mkononi alishika sufuria iliyoungua hadi ikawa nyeusi ndani na nje.

"Nimeingia kwa moshi," akasema jirani. "Yeye ameketi sebuleni, ananiuliza nani anapika."

"Nilimpigia saa saba. Alisema jiko amezima."

"Alisema." Jirani akaiweka ile sufuria chini. "Kitinda mwanangu, mficha maradhi..." Hakuimaliza; methali hiyo haina haja ya kumaliziwa. "Nimempigia kaka yako. Utanichukia, lakini nimempigia. Anakuja kesho."

Mwalimu alifika Jumamosi kabla ya adhuhuri, kitambi mbele, mfuko wa machungwa mkononi. Na Mama siku hiyo! Alikuwa amejifunga kanga safi, amenyooka kama sindano.

"Mwalimu! Umenenepa. Mkeo anakulisha au anakujaza upepo?"

"Ananilisha, Mama. Leo siku gani?"

"Jumamosi. Shule imefungwa ndiyo maana umenikumbuka."

"Na huyu ni nani?"

"Huyu? Huyu Kitinda. Nimemzaa mvua ikinyesha, na mkunga kachelewa, na wewe ulikuwa unalia kuliko yeye."

Alijibu yote. Akataja majina ya wajukuu, hata yule wa juzi. Akaingia jikoni, akawasha jiko, akachemsha chai, akazima, akageuza shingo kuwatazama watoto wake wawili waliokuwa wamesimama mlangoni kama wezi. "Mnanisimamia mtihani?"

Mwalimu alimvuta dada yake uani, chini ya kamba ya nguo.

"Kitinda, nimesahihisha karatasi maisha yangu yote. Huyu ana tisini na tano. Sufuria iliungua, sawa. Kwangu zinaungua kila wiki na hakuna mgonjwa. Hebu nione hilo daftari, jirani anasema unaandika."

Akampa. Mwalimu akafunua kurasa, kidole kikiteremka. Sawa. Sawa. Sawa. Miezi kumi na minne ya sawa, kwa mwandiko ule mzuri wa dada yake.

"Daftari lako mwenyewe linasema Mama mzima," akasema. "Umechoka tu, mdogo wangu. Kwa nini tumng'oe mzee wa watu nyumbani kwake?"

Neno lilikuwapo. Alikuwa amelisema wiki ile ile, kwa kifua, mbele ya mkuu wake, na watu wakampigia makofi. Lilimfika Kitinda kooni, akalisikia lilivyo zito. Angesema tu: kaka, nimekuwa nikimrudishia swali, kaka, ya kwanza sikuziandika. Kutoka jikoni Mama alikuwa akiimba wimbo wa kushonea, anakosa maneno na kuyaziba kwa mluzi. Kitinda akatazama nguo kwenye kamba, kanga mbili zikipepea ubavu kwa ubavu. Akanyamaza. Zaidi ya kunyamaza, moyo wake ulitua. Hilo ndilo ambalo hakuja kujisamehe: kwamba alipoambiwa Mama asiondolewe, alifurahi.

"Labda nimechoka," akasema.

Jumatano ya wiki ya tatu baada ya hapo, saa saba, alipiga simu.

"Mimi ni nani, Mama?"

"Wewe ni wa zile sare. Nimeshawaambia, zitakuwa tayari leo. Acheni kunipigia."

"Mama, fikiri tena. Kitin..."

"Kitinda."

"Eeeh. Umekula?"

"Nimekula, mwanangu. Kwaheri, nina kazi."

Akaandika: sawa.

Saa nane na nusu jirani akapiga. Mama alikuwa ametoka amevaa vizuri, mkasi mkubwa kwapani, akapita mitaa mitatu hadi kwenye jengo kilipokuwa chumba chake cha kushonea, ambacho sasa ni duka la simu. Wauzaji walimwambia kwa adabu hapa hakuna vyerehani. Akawaomba radhi, akasema amepotea ngazi tu, akageuka haraka kama mtu aliyechelewesha wateja, na ngazi za nje akazikosa. Nne tu. Nyonga ikavunjika.

Hospitali walimlaza chumba cha vitanda sita. Kando yake ilisimama mashine ya dripu ikidondosha dawa. Kitinda hakutazama hata ni ya kampuni gani. Mwalimu alifika jioni ile ile. Daktari, kijana wa miwani, akafungua jalada lake.

"Hali hii ya kusahau, ina muda gani?"

Mwalimu akafungua mdomo. "Mwezi uliopita nilikuwa naye, alikuwa mzi..."

"Zaidi ya miezi kumi na minne," akasema Kitinda.

Kaka yake akamgeukia. "Daftari..."

"Daftari nimelidanganya. Akikosea nilimuuliza tena. Nilimtajia jibu, nikaandika alilolisema mwisho." Alisema bila kulia, kama anayesoma ripoti, akimtazama daktari tu. "Kati ya siku kumi, siku nne hakunijua nilipomuuliza mara ya kwanza. Pengine tano. Siwezi kukupa hesabu kamili, sikuiweka. Na mimi ndiyo kazi yangu, daktari. Nalipwa kwa kazi hiyo."

Daktari aliandika, akasema atarudi, akaenda. Wakabaki wawili, na kitanda katikati yao, na Mama amelala kinywa wazi.

Kitinda alingoja. Kaka yake alikuwa na haki ya kupiga kelele, hata pale wodini. Lakini Mwalimu alivua kofia akaiweka gotini, akaizungusha, akaizungusha.

"Mwaka jana," akasema, "mwezi wa pili, nilimpigia siku ya sikukuu ya kuzaliwa kwake. Akaniita kwa jina la marehemu baba. Akaniuliza narudi lini safari. Si mzaha, Kitinda. Alikuwa analia."

"Ukafanyaje?"

"Nikakata simu. Nikajiambia laini imeingiliana. Nikapiga tena baada ya robo saa, akanipokea vizuri, 'Mwalimu, hujambo?'" Kofia ikasimama. "Nikamwambia mke wangu Mama anawasalimia, mzima kabisa."

Mtu wa kitanda cha pili aliomba maji. Kitinda akainuka akampa, akarudi, akaketi upande wa kaka yake badala ya upande ule mwingine.

Siku ya ishirini na tatu Mama aliruhusiwa, kwa masharti: asiachwe peke yake hata dakika. Hapakuwa na cha kujadili. Mwalimu aliazima gari kubwa la rafiki yake, wakakilaza kiti, wakapanga mito. Kitinda alifungasha kanga saba, dawa, miwani, sweta. Mkasi alimwachia jirani. Yeye na kaka yake walimbeba Mama, mmoja mabegani, mmoja miguuni, wakashangaa wote wawili jinsi alivyokuwa mwepesi, wala hawakuambiana.

Akamweka sawa mto wa kiuno. Akamvutia mkanda wa gari, akautafutia tundu lake.

Mama akaushika mkono wake. Mkono wa Mama ulikuwa bado na ule ugumu wa kidole gumba, wa mtu aliyesukuma sindano miaka arobaini.

"Ahsante sana, binti," akasema. "Hapa wauguzi wengi wana haraka, wewe huna. Umenitunza."

Mwalimu, aliyekuwa ameshaketi kwenye usukani, akageuka. "Mama, huyu si muuguzi, huyu ni..."

"Muache," akasema Kitinda. "Usimtajie."

Mama akawatazama kwa zamu, kwa upole wa mgeni asiyetaka kuingilia mambo ya wenyeji. Kisha akaurudia ule mkono, akaupapasa.

"Una mama?"

"Ninaye."

"Ukifika kwenu msalimie. Mwambie nimesema, kazaa."

Mkanda ukaingia tunduni, ukalia kidogo. Kitinda akaujaribu kama umeshika.

"Nitamwambia, mama," akasema, na akaufunga mlango wa gari polepole, kama mtu anayetoka chumba alimolala mtoto.